Mti wa Erramun na Panya wa Maji

Boise, 9 Machi 2003

Mwanangu Beñat,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Colleen, pamoja na ng'ombe wako ambao nasikia siku hizi wanakwenda malishoni kwa ratiba kama watoto wa shule. Mimi sijambo, kwa kadiri mwanamke wa miaka themanini na nne aliyewekwa kwenye chumba chenye rangi ya ndizi mbichi anavyoweza kusema hajambo. Mguu wa kushoto umegoma. Chakula cha nyumba hii ya wazee ni adhabu. Jana walituletea kitu walichokiita supu ya maharage. Nilimwambia mpishi kwamba mama yangu angekuwa hai angelia, na si kwa sababu ya kitunguu. Akanishukuru. Vijana wa siku hizi hawajui hata kutukanwa.

Sasa nije kwenye lililonifanya niombe kalamu. Mkeo alinipigia simu Jumapili akanieleza, kwa furaha kabisa, kwamba biva wameingia kwenye Kijito cha Kengele. Nilimwambia arudie. Si kwamba sikusikia. Nilitaka kumpa nafasi ya kuona aibu.

Biva, Beñat! Panya wa maji mwenye mkia kama kaango na meno ya rangi ya chungwa, anayeangusha miti na kuziba mito kwa matope kwa sababu Mungu hakumpa kazi nyingine. Baba yako alikuja Nevada na viatu vya kuazima, akachunga kondoo za watu wengine mpaka mgongo ukapinda, mimi nikawafundisha Kilatini watoto wa wachimba dhahabu ambao hawakujua hata lugha ya mama zao, tukapata ranchi. Leo wewe unaifanya hoteli ya panya.

Sina haja ya kukukumbusha kwamba nusu ya juu ya kijito, kuanzia zizi la zamani mpaka kwenye ile miti ya aspeni yenye gome jeupe, ni yangu. Katika aspeni zile umo mti wa baba yako, aliouandika kwa kisu. Wanyama hao wakiufikia sitakusamehe, nawe unajua kwamba mimi sisamehi hovyohovyo. Waondoe.

Nisalimie Colleen. Mwambie supu yake, ambayo nimeisema vibaya miaka ishirini, naitamani.

Shangazi yako,
Graxi Iribarne


Ranchi, 30 Machi 2003

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kusikia mguu tu ndio uliogoma. Ulimi naona unaripoti kazini kila asubuhi. Sisi hatujambo. Theluji inayeyuka, ndama wanazaliwa, Colleen amelala saa chache kuliko mbwa.

Kuhusu biva, nitakueleza mara moja, nawe utanicheka, tutakuwa tumemaliza.

Unakumbuka mwaka juzi? Mwezi wa saba kijito kilikata. Mwezi wa nane nilikuwa nabeba maji kwa lori kutoka Elko kuwanywesha ng'ombe waliosimama juu ya mawe makavu wakinitazama kama mwizi. Nikipata mwaka mwingine wa namna ile, Shangazi, nauza kundi lote na kwenda mjini kuuza matairi. Sisemi kwa kutia chumvi. Ranchi haina kisima kingine. Kijito kikifa, na sisi tumekwisha.

Ndiyo maana naondoa ng'ombe bondeni kabla ya joto. Wanakula pale majira ya kuchipua, kisha wanapanda mlimani, na bonde linapumzika. Zamani tuliwaacha kijitoni kiangazi kizima, wakala kila mti wa mwerebi ukingoni uliothubutu kutoa jani. Sasa mierebi imenipita kimo. Na mierebi ilipokuja, biva wakaja wenyewe, sikuwaalika. Wakajenga bwawa moja, halafu la pili. Mwaka jana maji yalikaa mpaka Oktoba. Oktoba! Nyasi za bondeni zilikuwa kijani wakati kilima kizima kimekuwa rangi ya ngozi ya simba.

Jirani Lowell Tibbets alisimamisha pikapu penye seng'enge wiki iliyopita, akateremsha kioo.

"Beñat! Nasikia unafuga panya. Utawatia chapa lini?"

"Nikishamaliza kukufundisha kuogelea."

"Maji yakiwepo."

"Yapo. Shuka uone."

Hakushuka. Lakini alinyoosha shingo kama bata.

Mti wa Baba nimeuzungushia waya mgumu mpaka usawa wa kifua changu. Hakuna jino litakalopita. Wageni wataendelea kuja kusoma maneno yake na kucheka kama kawaida: Erramun Iribarne, 1938, maji mengi, bosi mwizi. Ila nikwambie ukweli, aspeni zile zinakufa kwa uzee, na katikati yao hakuna mti mchanga hata mmoja.

Biva siwaondoi.

Mwanao,
Beñat


Boise, 14 Aprili 2003

Mwanangu Beñat,

Marahaba, ingawa naona heshima yako inaishia kwenye mstari wa kwanza.

Umemfunga baba yako waya kama kuku wa sokoni na unataka nikupigie makofi. Sawa. Hapa Pasaka inakaribia. Wametupa mayai ya plastiki tuyapake rangi. Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyekuwa na duka kubwa la vitambaa, alilipaka lake kwa makini mpaka nikaona haya kwa ajili yake, halafu nikagundua langu ni baya zaidi.

Sitabishana nawe tena juu ya panya. Umri wangu hauniruhusu kurudia maneno.

Yule Orval Stroud, aliyekuwa akitega wanyama na kuuza ngozi, bado anaishi kwenye trela lake karibu na barabara kuu? Nauliza tu. Nilimfundisha.

Shangazi yako,
Graxi


Ranchi, 1 Juni 2003

Shikamoo Shangazi,

Orval yupo, anazeeka kama kiatu. Colleen anakusalimu. Ndama wametoka vizuri.

Biva hawapo.

Nilikwenda kukagua bonde nikakuta bwawa kubwa limetobolewa katikati, maji yanatoka kwa kasi ya kichaa, na kwenye matope mtego mmoja wa chuma uliosahaulika. Nyumba yao ya vijiti imebomolewa. Wamekwisha, wote. 

Siku ya kutia chapa ndama majirani walikuja kusaidia kama kila mwaka. Tibbets naye alikuja, na kamba yake na vichekesho vyake. Tulipokaa kula, Colleen amewapikia mwanakondoo na pilipili nyekundu kama ulivyomfundisha, nikashindwa kuvumilia. Nilimfuata mbele ya watu wote.

"Lowell, ngozi zimekauka?"

"Ngozi gani?"

"Usinifanye mjinga."

"Kazi hiyo uliimaliza mwenyewe kabla sijafika."

Watu wakacheka. Nikamwambia wazi: ni wewe uliyewacheka biva mwaka mzima, ni wewe uliyesema mbele ya duka la mbegu kwamba risasi moja ingetosha, kwa hiyo ni wewe. Watu wakaacha kucheka. Tibbets akaiweka sahani yake chini, nyama hajaigusa, akamshukuru Colleen, akaenda kwenye pikapu yake. Tangu Baba akiwa hai mtu huyu hajakosa siku ya chapa hata moja. Hakugeuka.

Colleen hasemi nami vizuri. Anasema sina ushahidi. Nani mwingine, Shangazi? Niambie, nani mwingine?

Beñat


Boise, 18 Juni 2003

Mwanangu,

Marahaba. Nimepata barua yako. Joto la huku ni la kijinga. Mwanamke wa mayai amefariki Jumanne, na Jumatano kitanda chake kilikuwa na mtu mwingine, mwanamume aliyekuwa hakimu, anayekoroma kwa hukumu za maisha. Nimeomba pazia.

Kuhusu mwanakondoo, pilipili zichomwe kwanza kabla ya kumenywa. Colleen huwa ana haraka.

Usimwandame Tibbets. Ni mpumbavu, lakini ni mpumbavu wa mchana, mwenye kelele. Hajawahi kufanya jambo bila kulitangaza.

Sina zaidi.

Graxi


Ranchi, 25 Julai 2003

Shikamoo Shangazi,

Mistari michache tu, nina kazi. Mabwawa yote mawili yamekwenda na maji. Kijito kimebaki vidimbwi chini ya aspeni, na samaki wanahema ndani yake. Nimeshampigia mwenye lori. Colleen ameanza kuzungumza habari za duka la matairi kana kwamba ni jina la mtoto.

Tibbets tukikutana barabarani haniinulii hata kidole kutoka kwenye usukani.

Beñat


Boise, 11 Agosti 2003

Mwanangu Beñat,

Sitakuuliza hali. Unaijua, nami naijua. Yangu ni hii: daktari amesema moyo umechoka, na kwamba nisipange mambo ya Krismasi. Alilisema kwa sauti ya mtu anayeuza bima. Nilimwambia Krismasi yenyewe sijaipenda tangu nihamie nchi hii. Akaandika jambo kwenye karatasi zake.

Kwa hiyo nikae sawa nikueleze, na usome mpaka mwisho kabla ya kuitupa.

Ni mimi.

Nilimpigia Orval Stroud wiki ya Pasaka. Nilimwambia kuna wanyama waharibifu kwenye ardhi yangu na nataka waondolewe. Akauliza, "Beñat anajua?" Nikamjibu kwamba ardhi ina jina langu, si la Beñat. Akasema, "Mwalimu, ulinifelisha mara mbili na bado unatoa amri." Nikamwambia amri zangu ndizo zilizomfanya ajue kusoma maagizo kwenye chupa ya dawa. Akacheka, maskini, akaenda. Usimfuate. Alidhani anamtii mtu mwenye akili.

Kisha wewe ukamtukana Tibbets mbele ya wali... la, hamkuwa na wali. Mbele ya mwanakondoo na majirani wote, na mimi nikakuandikia habari za kumenya pilipili. Niliisoma tena barua ile kichwani mara nyingi. Katika maisha yangu nimesahihisha insha za watu wavivu, waongo na waoga, na sijaona mwoga aliyeandika kwa sarufi safi namna ile.

Utasema nilifanya kwa ajili ya mti. Nami ningependa ulisadiki hilo, maana linanipendeza: bibi kizee anayelinda jina la kaka yake. Lakini ulikwisha kuuzungushia waya, nami nilijua waya ule ungetosha. Mtoto wa Erramun akifunga kitu kinafungika.

Nikueleze jinsi mti ule ulivyoandikwa, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimempandishia mkate na mvinyo kwa nyumbu. Wachungaji wa kondoo wa kwetu hawachongi kwa nguvu. Anayechonga kwa nguvu anaua mti. Unapita na ncha ya kisu juu ya gome jeupe, mkwaruzo mwembamba kama unywele, hata huoni ulichoandika. Kisha unaondoka na kondoo zako. Mti wenyewe ndio unaoandika, miaka na miaka, kovu linavimba na kuwa jeusi, mpaka mtu mwingine kabisa anakuja kusoma. Nilimuuliza Erramun ameandika nini. Akasema, "Ukweli. Njoo uusome ukizeeka."

Na ulikuwa ukweli, Beñat. Maji mengi. Haukuwa mzaha. Nilisimama na nyumbu wangu na maji yakinifika magotini, bwawa juu ya bwawa, ngazi nzima ya maji ikipanda bonde, na hao hao panya wakipiga mikia kila nilipopiga chafya. Mierebi ilikuwa minene hata Erramun alipoteza kondoo ndani yake siku mbili. Baadaye watega ngozi wakawamaliza biva. Sisi tukanunua bonde, tukaweka ng'ombe, tukawaacha kijitoni kuanzia Mei mpaka theluji, kwa sababu kuwaacha ni rahisi kuliko kuwaondoa. Kijito kikachimba chini, kikawa korongo, kikaanza kukauka.

Na wageni walipokuja kutazama mti, mimi msomi ndiye niliyewatafsiria kutoka lugha yetu. Maji mengi! Nikanyoosha mkono kuelekea yale mawe makavu, na wote wakaangua kicheko. Nikawafundisha nanyi watoto kucheka. Baba yako alikuwa akisimama nyuma, kofia mkononi, amenyamaza. Nilidhani anafurahia mzaha wake. Miaka yote ile nilidhani hivyo, au nilijilazimisha kudhani.

Sasa wewe unaondoa ng'ombe kiangazi kimoja, viwili, vitatu, na maji yanarudi kama mbwa aliyeitwa. Kwa urahisi ule! Ningeweza kustahimili kwamba Mungu alilikausha bonde letu. Kwamba sisi tulilikausha, na kwamba panya walikuwa wanajua na mimi mwenye shahada mbili sikujua, na kwamba kaka yangu alikuwa amesema kweli nikamfanya kichekesho katika shamba lake mwenyewe, hilo sikulistahimili. Ndiyo maana nikainua simu.

Tibbets nimemwandikia leo. Mistari mitatu, bila mapambo. Nusu yangu ya kijito ni yako tangu jana. Wakili amekuja na mkoba wake akaondoka. Hiyo siyo bei ya kitu chochote. Sikuombi unisamehe, kwa sababu ningekuwa wewe nisingesamehe, na sitaki mpwa wangu awe mlegevu kuliko mimi.

Graxi


Boise, 28 Septemba 2003

Mwanangu,

Ukimya wako umenifikia. Umeandikwa vizuri kuliko barua zako.

Kalamu sasa inanitetemeka, kama unavyoona. Hakimu wa pazia la pili ananicheka, yeye ambaye hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Colleen alipiga simu. Alizungumzia hali ya hewa kwa muda mrefu sana. Nilielewa.

Graxi


Ranchi, 19 Oktoba 2003

Shangazi,

Nilisoma mpaka mwisho, kama ulivyoagiza. Halafu nikapanda bondeni na koleo, nikakata waya niliokuwa nimeuzungusha kwenye mti wa Baba. Wote, mpaka chini. Nikautupa kwenye pikapu. Biva hawakuwepo, kwa hiyo ulikuwa ujinga mtupu, mtu mzima akipigana na mti. Lakini nilitaka ujue kwamba nilifanya.

Kisha ikanibidi niende kwa Tibbets. Nilikuwa nimeahirisha wiki nzima. Nilimkuta anarekebisha lango. Hakusimama.

"Umekuja kuhesabu ngozi zangu?"

"Nimekuja kusema nilikosea."

"Najua. Shangazi yako kaniandikia. Yule mama hata akiomba radhi unahisi umepewa alama mbaya."

"Ndivyo alivyo."

"Sasa wewe sema kwa kinywa chako. Na kwa sauti. Siku ile ulikuwa na sauti."

Nikasema. Kwa sauti. Mkewe alitoka jikoni kusikiliza, akarudi ndani, akaja tena na mtoto wao mkubwa ili naye asikie. Nadhani walifurahi. Tibbets akauliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, akaniambia nishike upande ule wa lango basi, kwani nimekuja kutazama?

Wiki mbili baadaye akaja na trela la farasi. Biva walikuwa wameziba bomba la mfereji wake wa kumwagilia. Afisa wa wanyamapori amewakamata wazima, dume na jike na wana wawili, akawa anatafuta pa kuwapeleka. Tibbets akamwambia anamjua mpumbavu mmoja. "Nimeshatukanwa kwamba niliwachukua," akasema akifungua mlango wa trela, "basi acha nipate angalau raha ya kuwaleta." Walitoka wamenuna. Jike alimtazama Tibbets kwa namna ambayo, naapa, nilikukumbuka wewe.

Mimi nilisahau kwamba mti hauna waya. Au sikusahau. Sijui.

Waliuangusha wiki iliyopita. Waliukata chini kabisa, maneno yamebaki mazima juu ya gogo: jina, mwaka, maji mengi, bosi mwizi. Nilipoliona nilikaa chini kwenye matope. Nilikuwa nimetaka jambo lile litokee, na lilipotokea nikataka kulirudisha. Nimelikata gogo kwa msumeno juu na chini ya maandishi, nikalivuta kwa farasi mpaka nyumbani. Limesimama kando ya mlango wa jikoni. Colleen anasema tulipake mafuta lisipasuke. Tibbets alikuja akavua kofia mbele yake, halafu akaona aibu akajifanya anajikuna.

Na kuna kitu kingine. Aspeni iliyokuwa kando yake, waliyoikata biva wa kwanza mwaka jana, pale shinani, imetoa machipukizi mengi, membamba kama fimbo, yanafika kiunoni. Aspeni haifi ikikatwa. Mizizi inapeleka juu miti mingine. Siku zote ilikuwa inapeleka. Ng'ombe ndio walikuwa wanaimaliza kila mwaka, nasi tukisema msitu umezeeka.

Bwawa limeanza kujaa. Lori nimelirudisha.

Beñat


Boise, 2 Novemba 2003

(Imeandikwa na muuguzi kwa maneno ya Graxi mwenyewe. Ameniambia nisibadilishe chochote.)

Beñat,

Hukuniamkia. Nimeliona. Nilifundisha miaka thelathini na sita, huwezi kuruka mstari nisione.

Kuhusu waya, sina la kukuambia. Mimi nilitumia simu, wewe ulitumia koleo. Damu ni moja.

Sasa nisikilize. Kwa nini kaka yangu amesimama mlangoni pa jikoni? Mnamfanya mwavuli? Mnataka kumpaka mafuta, kisha wageni waje tena na visahani vyao wamsome, na mtu fulani aseme maji mengi, hahaha, hapo nyuma ya nyumba? Nimeshamweka mtu yule kwenye maonyesho maisha yake yote. Inatosha.

Mrudishe. Mvute kwa farasi yule yule mpaka bwawani, umwache ukingoni mahali panya watakapomwona, kisha uondoke, usiwafundishe kazi. Wakimtaka watamchukua. Erramun hakuwahi kukaa bure siku moja, na hakuwahi kufanya kazi bila kulalamika juu ya bosi. Acha azuie maji.

Huyu binti anayeandika analia. Mwambie mtu aje amchukue.

Graxi


Ranchi, 12 Novemba 2003

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta. Tibbets alinisaidia kumshusha. Alilalamika njia nzima kwamba marehemu ni mzito kuliko alipokuwa hai, na kwamba hata hai alikuwa hachukuliki.

Tulimwacha ukingoni tukaondoka kama ulivyosema. Nilirudi baada ya kifungua kinywa cha siku ya pili. Hayupo ukingoni. Wamemsukuma mpaka kwenye pengo katikati ya bwawa, pale pale palipokuwa pametobolewa, wamembana kwa mierebi na kumtia matope pande zote. Jina limeangalia chini, majini. Nilitaka kuingia nimgeuze, lakini jike alitokea akapiga mkia, nikaona wenye kazi hawataki ushauri.

Maneno hayaonekani tena, ila yote yapo. Nilisimama upande wa juu, karibu na aspeni changa, na maji yalinifika magotini.

Nilipiga chafya. Walipiga mikia.

Mwanao,
Beñat


Boise, 19 Novemba 2003

(Kwa mkono wake mwenyewe.)

Marahaba, mwanangu.

Supu ya leo ilikuwa na chumvi. Usimwambie mtu kwamba nimeisifu.

Graxi